Seramu ya vitamini C isiyochoma kwa ngozi nyeti: naomba ushauri

Mwalimu wa Wete

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Wete, na ninaomba ushauri wa watu wanaoyajua mambo ya ngozi, iwe kwa kuyasomea au kwa kuyafanyia kazi. Ngozi yangu ya uso ni nyeti tangu utotoni. Nilipokuwa mdogo nilikuwa na pumu ya ngozi kwenye vikunjo vya mikono na shingoni, na ingawa siku hizi imetulia, uso wangu bado hauvumilii vitu vingi. Sabuni yenye manukato huuacha ukivuta na kuwasha, na joto la kaskazi likishapamba moto mashavu hutoka vipele vidogo vidogo. Chunusi za kidevuni huja na kuondoka, lakini kila moja ikipona huacha doa jeusi linalokaa kwa miezi, na madoa hayo yananisumbua kuliko chunusi zenyewe.

Kwa kuwa ninanyonyesha, mhudumu wa kliniki alinishauri nisitumie krimu za madoa zenye haidrokwinoni wala zile za jamii ya vitamini A, akasema kwamba vitamini C ya kupaka ni njia salama zaidi ya kuanzia. Nilikwenda dukani, nikaonyeshwa vichupa vya asilimia 10, 15, 20 na hata 30, na muuzaji akaninasihi nichukue chenye nguvu ili nione matokeo mapema. Nilichukua cha asilimia 20. Usiku wa kwanza kilinichonyota mpaka machozi yakanitoka, nikanawa upesi, na asubuhi yake ngozi ya pembeni mwa pua ilikuwa imekauka na inabanduka.

Ninachotaka kujua ni kama ipo seramu ya vitamini C ambayo ngozi ya namna hii inaweza kuivumilia, na nitaitambuaje nikiwa mbele ya kabati la dukani. Pia nyumba yetu ni ya bati na mchana chumba huwa cha moto sana, kwa hiyo sijui dawa kama hii itahifadhika vipi. La mwisho, mama mkwe wangu hunisagia liwa, ule mti wa kunukia unaopakwa ngozini, mara kwa mara na kunitengenezea singo ya kupikicha mwili, nami sipendi kumvunja moyo. Je, vitu hivyo vinaweza kwenda pamoja na seramu? Ahsanteni, na Mwenyezi Mungu awalipe kheri.

Mfamasia wa Mlandege

Wa alaykum salaam mwalimu, na pole kwa maumivu uliyoyapata. Nitajibu kwa urefu kidogo, kwa sababu swali hili huletwa dukani mara kwa mara, na karibu kila anayelileta huanza kwa kuuliza asilimia, ilhali kwa ngozi nyeti kuna mambo ya kutazamwa kabla ya asilimia: aina ya vitamini C iliyomo, uasidi wa maji yake, na vitu vingine vilivyochanganywa humo.

Vitamini C halisi ni asidi ya askobiki, na kwenye maandishi ya chupa mara nyingi hutanguliwa na herufi L. Hiyo ni asidi kweli kweli, na ili ipenye tabaka la juu la ngozi haina budi kuwekwa katika maji makali. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha mwaka 2001 kwamba hupenya vizuri pale tu pH, yaani kipimo cha uasidi, inapokuwa chini ya 3.5, na kwamba upenyaji hufikia kilele kwenye asilimia 20. Ukizidisha hapo ngozi haipokei zaidi, inaungua tu. Sasa zingatia kwamba uso wa mtu kwa kawaida una pH inayokaribia 5, na kwamba kila hatua moja ya kipimo hiki ni sawa na mara kumi, kwa hiyo maji yenye pH ya 3 yana uasidi mara 100 kuliko ngozi unayoyapaka. Mtu mwenye ngozi ngumu huhisi kuchonyota kidogo kisha kukapita. Ngozi iliyowahi kupata pumu ina ukuta dhaifu, haishiki unyevu vizuri na haizuii vitu vya nje kuingia, ndiyo maana wewe ulitokwa na machozi. Kuchonyota kule hakukuwa dalili ya dawa kufanya kazi. Kichupa cha asilimia 30 cha aina hiyo sioni sababu ya mtu yeyote kukinunua.

Na ubaya hauishii kwenye maumivu. Madoa unayotaka kuyaondoa yalitokana na ngozi kuumizwa: chunusi inapovimba, seli zinazotengeneza rangi huchokozwa, zikamwaga rangi kupita kiasi, na rangi hiyo hubaki baada ya uvimbe kwisha. Sisi wenye ngozi nyeusi au ya maji ya kunde hupatwa na hali hii kwa wepesi. Seramu inayochoma huuchokoza uso kwa njia ile ile, na mtu anaweza kupaka dawa ya madoa kwa bidii kila siku huku akijitengenezea madoa mapya pembeni mwa pua na mdomo. Kwa sababu hiyo, kwa ngozi kama yako, upole wa dawa ni sehemu ya tiba yenyewe, na ningekusihi usikubali kuambiwa kwamba ni lazima uvumilie.

Zipo vitamini C zilizotulizwa, yaani zile ambazo kiwandani zimeunganishwa na kitu kingine ili zisiharibike upesi na zisihitaji maji makali. Ya kwanza ni sodiamu askobili fosfeti, ambayo hufupishwa kwa herufi SAP. Ya pili ni magnesi askobili fosfeti, yaani MAP. Ya tatu ni askobili glukosaidi, iliyounganishwa na sukari. Mbili za mwanzo hutulia katika maji yenye pH inayokaribia 7, kwa hiyo hazina ule ukali, na glukosaidi nayo haihitaji maji makali kama ya asidi tupu. Zikishaingia ngozini, vimeng'enya vya mwili hukata kile kiungo na kuiacha vitamini huru. Ipo pia aina inayoyeyuka kwenye mafuta, tetraheksilidesili askobeti, ambayo ni pole sana lakini bei yake huwa juu. Kwa hali yako ningeanza na SAP ya asilimia 5, kwa kuwa imechunguzwa pia kwa watu wenye chunusi, nawe unazo. Ukiikosa, chukua MAP au glukosaidi.

Ukishaiona aina, geuza chupa usome vilivyobaki. Kitu kinachoharibu seramu nyingi nzuri ni manukato. Viwanda hupenda kutia mafuta ya machungwa au ya ndimu ili bidhaa inukie kama vitamini C, wakati vitamini C yenyewe haina harufu ya chungwa hata kidogo. Ndani ya mafuta hayo mna limonini, ambayo ikikaa na hewa hubadilika na kuwa miongoni mwa vitu vinavyojulikana kuleta mzio wa ngozi. Kwa hiyo seramu inayonukia vizuri unapoifungua irudishe kabatini. Alkoholi ikiwa miongoni mwa majina ya mwanzo, iache pia, kwani viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi. Vitu vya kufurahia ukiviona ni gliserini, asidi ya hayaluroniki, panthenoli na niasinamaidi ya asilimia ndogo, maana hivyo hushikilia unyevu na kuituliza ngozi.

Kuhusu joto, una haki ya kuwa na wasiwasi. Adui wa vitamini C ni watatu: hewa, mwanga na joto, na visiwani kwetu wote wapo mwaka mzima. Asidi ya askobiki tupu huanza kugeuka rangi mara chupa inapofunguliwa. Chukua pamba nyeupe, tonesha tone moja, utazame penye mwanga. Ikiwa haina rangi au ina umanjano hafifu, bado ni nzima. Ikiwa imefikia rangi ya chai isiyo na maziwa, imekwisha kazi, na ukiipaka itakuachia alama za kahawia kwenye kucha, kwenye mstari wa nywele na kwenye ukingo wa mtandio mweupe. Aina zilizotulizwa huvumilia zaidi, lakini nazo usiziache juu ya meza ya kioo karibu na dirisha. Nunua chupa ndogo, ya rangi nzito au isiyopitisha mwanga, na ukipata yenye pampu ni bora kuliko ya kutonesha kwa mpira, kwa sababu kila ukivuta mpira unaingiza hewa mpya ndani. Weka kwenye mlango wa friji. Umeme ukikatika kwa saa kadhaa hakuna kitakachoharibika, ilimradi usifungue friji ovyo. Kama friji haipo, chumba chenye kivuli zaidi na kasha lililofungwa vinatosha kwa SAP, ila usinunue ya kukuchukua zaidi ya miezi mitatu.

Kabla ya uso, jaribu mkononi. Chama cha madaktari wa ngozi wa Marekani hushauri kupaka bidhaa mpya sehemu ndogo ya ndani ya mkono mara mbili kwa siku, kwa siku 7 hadi 10. Watu huona ni nyingi, lakini mzio wa kweli mara nyingi hujitokeza baada ya siku mbili au tatu, na mtu aliyejaribu usiku mmoja huamini amesalimika. Ikipita salama, anza usoni kwa siku mbili au tatu za wiki, matone mawili matatu kwa uso mzima, kisha upake krimu ya unyevu juu yake. Ngozi iwe kavu kabisa kabla ya kupaka, kwani ngozi mbichi hupokea kwa kasi na huwaka zaidi.

Wakati mzuri ni asubuhi baada ya sala ya Alfajiri, ukishajifuta maji ya udhu. Usiogope kwamba udhu wa Adhuhuri utaiondoa. Watafiti wale wa Duke waliona kwamba vitamini ikishaingia ngozini huondoka taratibu, nusu yake ikibaki hata baada ya takriban siku nne. Kinachoondoka kwa maji ni losheni ya kukinga jua, na hiyo ndiyo ninayokuomba uirudie baada ya udhu wa mchana kabla hujatoka. Chagua yenye SPF, yaani kipimo cha kinga ya jua, ya 30 au zaidi, isiyo na manukato. Mwalimu anayesimama uwanjani saa sita akapaka vitamini C bila ya kinga ya jua atazunguka pale pale, maana jua huirudisha rangi iliyokwisha kupunguzwa.

Somo wa Jang'ombe

Mwanangu, nimesoma maneno ya mfamasia na nimeyapenda, nami nitasema la upande wangu, kwa sababu kazi yangu ya miaka mingi ni kuwatengeneza biharusi, na liwa na singo ndivyo vitu vilivyo mikononi mwangu kila siku.

Usimvunje moyo mama mkwe wako, lakini mwambie ukweli kwamba uso wako ni mwepesi. Liwa safi iliyosagwa juu ya jiwe kwa maji matupu huwapoza watu wengi, na ngozi nyingi haziikatai. Taabu huanza pale inapoongezwa vitu. Singo ina maua, ina marashi, na wengine hutia karafuu ili inukie na ilete joto. Mimi singo yenye karafuu siipandishi usoni mwa mtu yeyote, sembuse mwenye ngozi kama yako. Karafuu yetu ya Pemba ni neema, lakini mafuta yake ni makali, na nimewaona wasichana waliopandishiwa singo ya mwili mpaka usoni wakaamka wamevimba macho. Halafu singo ni ya kupikicha, na kule kupikicha hukwangua ngozi ya juu. Ukipaka seramu juu ya uso uliopikichwa, hata ile iliyo pole itakuwasha.

Ushauri wangu ni huu: singo ibaki kwenye mikono, miguu na mgongo. Usoni, kama unataka liwa, iwe liwa na maji tu, mara moja kwa wiki, usiku ambao hukupaka seramu asubuhi yake, na isikaukie mpaka ipasuke, kwani liwa ikikauka sana huvuta unyevu wa ngozi. Na kwanza maliza jaribio la seramu peke yake. Ukianza vyote wiki moja na uso ukakataa, hutajua umekataa kipi.

Nina jambo jingine lililo moyoni. Wapo wanaowaambia wasichana wapake ndimu usoni kwa kuwa ndimu ina vitamini C. Hilo nilipige marufuku hapa hapa. Nimepokea biharusi mwenye michirizi myeusi kutoka shavuni hadi shingoni kwa sababu alipaka ndimu na manjano asubuhi, kisha akaenda shamba na jua likamkuta. Ilibidi tumfunike kwa poda siku ya arusi yake, na michirizi ile ilikaa muda mrefu baada ya hapo.

Kijana wa Maabara

Nampa heshima zake mfamasia, na katika hilo la ndimu naomba niongeze hesabu ili Bi Somo apate nguvu. Maji ya ndimu yana vitamini C kiasi cha miligramu 30 kwa kila gramu 100, yaani asilimia 0.03, wakati hata ile seramu pole aliyoitaja mfamasia ina asilimia 5. Uasidi wake ni mkali kuliko seramu nyingi, na ndani yake mna furanokumarini, kemikali ambazo zikipigwa na miale ya jua huunguza ngozi na kuiacha na weusi. Mtu anapata madhara yote ya asidi na karibu hapati vitamini yoyote. Vidonge vya vitamini C vya kuyeyushwa, ambavyo baadhi ya watu huvitia katika maji ya mawaridi na kujitengenezea seramu nyumbani, navyo havifai. Vimetiwa magadi ili vitoe povu, vina rangi na ladha, na mchanganyiko wake huanza kuharibika mara tu unapotengenezwa.

Lakini sikubaliani kwamba mwenye ngozi nyeti aifute kabisa asidi ya askobiki halisi. Ushahidi mwingi wa vitamini C ya kupaka umejengwa juu ya aina hiyo halisi. Hizi zilizotulizwa zina ushahidi, ila ni mchache. Mfano mzuri ni utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 1996, ambapo krimu ya MAP ya asilimia 10 ilipunguza madoa kwa kiwango cha kuonekana kwa wagonjwa 19 kati ya 34. Hayo ni matokeo ya kutia moyo, lakini yanaonyesha pia kwamba karibu nusu hawakuona tofauti kubwa, na tena hiyo ilikuwa asilimia 10, siyo 5. Ngozi haina uhakika wa kukata kiungo cha kila molekuli inayoingia.

Kwa hiyo ningesema hivi: mwalimu aanze kama alivyoelekezwa, lakini ikiwa miezi mitatu au minne itapita bila ya mabadiliko na uso umetulia, ajaribu asidi ya askobiki ya asilimia 8 hadi 10 iliyotengenezwa bila ya maji, ndani ya silikoni. Kwa kuwa hakuna maji, uasidi haupati njia ya kuchoma kwa ghafla, na joto la kwetu haliiharibu upesi. Chini ya asilimia 8 aina hiyo haina faida ya maana, na juu ya 10 mwalimu hana haja ya kufika. Ikiwa ina vitamini E na asidi ya feruliki, ambayo hutoka kwenye mimea, ni bora zaidi, maana mwaka 2005 watafiti waliona kwamba mchanganyiko wa vitamini C asilimia 15, vitamini E asilimia 1 na feruliki asilimia 0.5 uliongeza maradufu kinga dhidi ya miale ya jua ukilinganisha na vitamini hizo mbili bila ya feruliki.

Mfamasia wa Mlandege

Kijana wangu, hoja yako kuhusu ushahidi ni ya haki, na sina pingamizi na hatua ya pili uliyoieleza kwa mtu ambaye uso wake umeshatulia. Ninachokataa ni kuianza hatua hiyo sasa. Dawa yenye ushahidi mkubwa ambayo mgonjwa ameiacha kabatini kwa sababu inamchoma ina faida ndogo kuliko dawa ya kadiri anayoipaka kila siku. Hata huo mchanganyiko wa feruliki uliousifu hutengenezwa katika maji yenye uasidi mkali, na ngozi iliyobanduka mwezi huu haitauvumilia. Tumpe muda.

Muuguzi wa Mkoani

Mwalimu, kabla hujanunua chupa nyingine, naomba utulize kwanza hiyo ngozi iliyobanduka. Usipake vitamini C ya aina yoyote mpaka uso uweze kunawa kwa maji na kupakwa krimu ya kawaida bila ya kuwasha. Kwa muda huo tumia sabuni laini isiyo na manukato jioni tu, maji matupu asubuhi, krimu nzito isiyo na harufu, na pale palipokauka sana mafuta ya mgando kidogo usiku. Wengi hupona ndani ya wiki mbili hadi nne. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa mikono na miguu, lakini kwa mwenye chunusi za kidevuni nisingeyapaka usoni kwa sababu huziba matundu ya baadhi ya watu.

Ninalo swali ambalo huwauliza wote wanaokuja na ngozi nyeti, na naomba usilichukulie vibaya: je, uliwahi kutumia krimu ya kung'arisha uso au mkorogo, hata kwa muda mfupi, hata kama ulipewa bila ya kuambiwa kilichomo? Krimu nyingi za namna hiyo huwa na dawa za steroidi kama betamethasoni au klobetasoli, na nyingine zina zebaki. Steroidi zikitumiwa usoni kwa miezi huifanya ngozi kuwa nyembamba, na mtu akiziacha uso huwaka, hutoka vipele na hukataa kila kitu. Anayekuwa katika hali hiyo hahitaji seramu, anahitaji daktari. Zebaki nayo imekatazwa katika vipodozi chini ya Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, kwani huingia mwilini na kudhuru figo na mishipa ya fahamu, na kwa mama anayenyonyesha mtoto naye hufikiwa. Jihadhari hasa na vikopo visivyo na orodha ya viambato vilivyoandikwa juu yake neno vitamini C kwa herufi kubwa. Ukiwa na shaka na bidhaa, Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar ndio wenye dhamana ya kusimamia vipodozi hapa kwetu, na unaweza kuwapelekea.

Kuhusu kunyonyesha, vitamini C ya kupaka usoni haina tatizo linalojulikana. Osha mikono baada ya kupaka, usiishushe kifuani, na uipe muda ikauke kabla mtoto hajakuegemea shavuni, kwa sababu ngozi ya mtoto ni laini kuliko yako. Ukiona uso umevimba, macho yamefumba au malengelenge yametoka baada ya kupaka chochote, usisubiri kesho, nenda hospitali.

Mwalimu wa Wete

Nawashukuru sana nyote, Bi Somo kwa namna ya pekee, kwani maneno yake nimemsomea mama mkwe na ameyakubali, akasema liwa ya usoni ataisaga kwa maji tu. Muuguzi, sijawahi kutumia mkorogo, ila swali lako ni la haki na nimelipeleka kwa wenzangu wawili skulini ambao ninawahofia.

Uso umetulia sasa na krimu haiwashi tena. Nilirudi dukani nikapata vichupa viwili ambavyo sijui nichague kipi. Cha kwanza kimeandikwa sodiamu askobili fosfeti, lakini asilimia haikutajwa popote, na jina hilo limekuja la pili baada ya maji. Cha pili kimeandikwa asilimia 10 mbele kwa herufi kubwa, na nyuma kuna askobili glukosaidi pamoja na dondoo ya machungwa na neno la manukato mwishoni. Cha pili bei yake ni nafuu na chupa yake ni ya pampu. Cha kwanza ni cha kutonesha, lakini kioo chake ni cheusi.

Mfamasia wa Mlandege

Chukua cha kwanza, mwalimu. Kiambato kinachokuja mara tu baada ya maji ndicho kingi kuliko vyote vinavyofuata, kwa hiyo kutotajwa kwa asilimia kusikutie hofu katika hali hii. Cha pili kina kitu kizuri ndani yake, lakini dondoo ya machungwa na manukato ni vitu viwili ambavyo ngozi yako imeshakuonyesha kwamba haivitaki, na kule kuwa mwishoni mwa orodha hakusaidii sana kwa mtu mwenye historia ya pumu ya ngozi, kwani mzio hauhitaji wingi. Pampu tutaikosa safari hii. Ukishatonesha funga mara moja, usiguse uso kwa ncha ya kitonesheo, na uandike kwa kalamu ya wino tarehe ya kufungua chini ya chupa.

Anza na mkono leo usiku. Jaribio likipita salama, piga picha ya uso penye mwanga wa dirisha kabla ya kuanza, na upige nyingine kila mwezi mahali pale pale na saa ile ile, maana madoa hupungua polepole sana na kioo cha kila siku hakionyeshi. Usitegemee kuona tofauti kabla ya wiki ya nane hadi ya kumi na mbili. Kabla ya kuondoka dukani hakikisha pia umechukua losheni ya jua, na ikiwa fedha zinatosha kitu kimoja tu mwezi huu, nunua losheni kwanza na seramu isubiri mwezi ujao.